Goti Jipya, Nyonga Mpya: Maswali ya Wiki za Kwanza Nyumbani

Nilibadilishiwa goti la kulia nikiwa na miaka 61. Mwaka haujaisha, mdogo wangu wa kiume naye akabadilishiwa nyonga. Tangu hapo simu yangu hapa Bombo, Uganda, haipoi. Wananipigia watu wa Luwero, wa Kisenyi, wa Busia, mara nyingine hata wa Arua, na wengi hawaulizi habari za kisu. Wanauliza habari za siku zinazofuata, pale unaporudishwa nyumbani na karatasi moja ya maelekezo, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi. Mimi si daktari. Ni mgonjwa aliyepita njia hiyo na kuuliza sana. Jibu langu likipingana na la daktari wako, shika la daktari wako, maana yeye ndiye aliyeufungua mguu wako akaona ndani.

Nitaamka katika hali gani?

Wengi wetu hatupewi nusu kaputi. Tunachomwa sindano ya ganzi mgongoni, na kuanzia kiunoni kushuka chini hatuhisi chochote. Mimi nilipewa na dawa ya kunituliza, nikawa nasikia nyundo inagonga kwa mbali kama fundi yuko nyumba ya pili. Ganzi huanza kuachia baada ya saa chache: vidole kwanza, halafu nyayo zinachomachoma. Utajikuta na bandeji nene, dripu, na pengine mpira wa mkojo. Ganzi ikiachia, maumivu yanaingia mara moja. Usijikaze ukingoje yazidi. Mwite nesi yakianza tu, kwa sababu maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha.

Mbona wananisimamisha kesho yake? Si nitaharibu?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa moyo wote. Kwetu mgonjwa analazwa, anafunikwa, analetewa uji mdomoni. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyeniuguza wodini, alipomwona yule kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, akiniinua asubuhi, alimwuliza kama naye ana mama. Sikumlaumu. Alikuwa anaonyesha mapenzi kwa njia anayoijua.

Lakini mguu huu hauponi kwa kulala. Damu ikituama kwenye mishipa ya miguu inaganda, na donge likichomoka linaweza kupanda hadi kwenye mapafu, na hilo linaua. Misuli ya paja nayo hunyauka haraka mno isipotumika. Kiungo chenyewe ni chuma na plastiki ngumu, na kwa wengi kinaweza kubeba uzito tangu siku ya kwanza, isipokuwa daktari amekuambia vingine. Kilicho dhaifu ni nyama iliyokatwa na misuli iliyolala kwa miaka ya kuchechemea.

Hatua zangu za kwanza zilikuwa nne, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha plastiki. Jasho lilinitoka nikaona giza. Kizunguzungu siku hiyo ni kawaida: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ning'iniza miguu dakika chache, pumua, ndipo usimame ukishika fremu ya kutembelea.

Maumivu ni makali kiasi gani, na yanaisha lini?

Goti na nyonga hayafanani. Mdogo wangu aliniambia kuwa yale maumivu ya kinena yaliyomtesa miaka mitatu yalikwisha siku ileile ya upasuaji. Yaliyobaki yalikuwa ya kidonda tu. Yeye ana seli mundu, na ugonjwa huo ulikuwa umeziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja mpaka kikafa, akiwa na miaka 34. Kwa hiyo msishangae kumwona kijana kwenye foleni ya nyonga. Si ugonjwa wa wazee peke yao. Wiki ya pili alikuwa anatembea uani kwa magongo akicheka.

Mimi goti lilinikomesha. Siku ya tatu hadi wiki ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya, na usiku ulikuwa mbaya kuliko mchana. Nilikuwa nasikia adhana ya alfajiri bado sijafumba macho. Ilipofika wiki ya sita nilianza kulala saa nne au tano mfululizo. Goti huendelea kuwa bora hata kufikia mwaka mzima, na hilo ningependa kuambiwa mapema, kwa sababu wiki ya nne nilikuwa nimeshaamini kwamba upasuaji umeshindikana.

Dawa zimeze kwa saa, si kwa maumivu. Parasetamoli ni msingi: kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mwili mdogo apewe kipimo chake na daktari. Zile kali kama tramadoli nilizitumia nusu saa hivi kabla ya mazoezi, ndipo goti likakubali kukunjwa. Zinafunga choo, tena vibaya. Kunywa maji, kula papai, na omba dawa ya kulainisha kabla hujafungwa, si baada ya siku tano. Usiende duka la dawa kujiongezea diklofenaki. Ukiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, au una vidonda vya tumbo au figo dhaifu, inaweza kukutoa damu ndani kwa ndani au kuzidi kuziumiza figo.

Na niseme wazi: karibu mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti hubaki na maumivu ya kiasi hata baada ya kupona. Kwa nyonga ni wachache zaidi. Ni vizuri ujue hivyo kabla hujauza ng'ombe.

Barafu inasaidia?

Sana, hasa goti. Sina friji, nikawa natuma mtoto kwa mwenye duka la soda, anagandisha maji kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Izungushie khanga au taulo, weka dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Isiguse ngozi moja kwa moja, na kidonda kibaki kikavu.

Niweke mto chini ya goti ndipo lipumzike?

Hapana. Kila usiku shangazi alikuwa ananiwekea mto laini chini ya goti, na kila usiku nilimshukuru, maana hapo ndipo goti lilipata raha. Mtaalamu wa fiziotherapia alipokuja kunitazama siku ya tisa alinilaza chali, akaupitisha mkono wake kati ya goti na kitanda. Mkono ulipita bila kugusa chochote. Goti lilikuwa limeanza kuganda likiwa limekunjika. Aliutoa mto polepole, akausogeza mpaka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia hewani, kisha akasema, "Mama, sasa libonyeze kuelekea godoro." Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mlangoni. Shangazi alitoka nje akalia.

Goti lisiponyooka utachechemea maisha yako yote, hata kama chuma ni kipya. Kwa hiyo mto uende chini ya kisigino, mara tatu au nne kwa siku, dakika chache chache kwa kadiri unavyostahimili. Mwenye nyonga ana mto wake wa aina nyingine: kati ya mapaja, ili miguu isipishane usingizini.

Mazoezi gani hasa nifanye?

Yale uliyoonyeshwa, hayohayo, bila kuruka siku. Kuchezesha vifundo vya miguu juu na chini, kila unapokumbuka, ili damu itembee. Kukaza msuli wa mbele ya paja, hesabu tano, achia. Kuvuta kisigino kitandani kuelekea makalio. Mimi nilivaa soksi na kuweka kavera chini yake ili kiteleze. Goti likifika pembe ya nyuzi 90 unaweza kukaa kwenye kiti vizuri. Kupanda na kushuka ngazi kunadai zaidi kidogo.

Kutembea ni mara nyingi, kidogo kidogo. Kwenye ngazi shika kanuni hii: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu wa upasuaji hutangulia, pamoja na gongo. Ukisikia maumivu wakati wa zoezi na yakatulia baada ya saa moja au mbili, uko sawa. Yakikaa hadi kesho na uvimbe umeongezeka, punguza, lakini usiache.

Mwenye nyonga akatazwe nini?

Inategemea daktari alipitia upande gani wa nyonga, kwa hiyo muulize, "Nikatazwe nini, na kwa wiki ngapi?" Wengi waliopasuliwa kwa nyuma huambiwa mambo matatu kwa wiki 6 hadi 12: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, usipishanishe miguu, usiuzungushe mguu ndani. Maana yake nyumbani ni kwamba hukai mkekani, huchuchumai, huinami kufunga kamba za viatu wala kuokota sufuria chini, hukai kwenye kigoda cha jikoni. Mdogo wangu alikatiwa fimbo yenye ndoano ya kuvutia nguo na viatu. Nyonga ikichomoka utajua: maumivu ya ghafla, mguu unaonekana mfupi na umegeuka, na husimami. Hapo usivutwe na mtu yeyote. Ni hospitali moja kwa moja.

Choo chetu ni cha shimo. Nitafanyaje?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo linalopaswa kujibiwa kabla ya siku ya upasuaji. Kuchuchumaa haiwezekani. Goti jipya halitakubali, na nyonga mpya inaweza kuchomoka.

Wiki mbili kabla ya kwenda hospitali, mume wangu alimwita fundi seremala. Alinipima nikiwa nimesimama, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akaongeza vidole vinne. Akatengeneza kiti cha mbao ngumu chenye miguu iliyotanuka, akakata tundu katikati na kulisugua kwa msasa mpaka halichomi, akaweka mikono miwili ya kujiinulia. Kinawekwa juu ya shimo. Usiku kiti hichohicho kililetwa chumbani, ndoo chini yake, kwa sababu kwenda uani gizani na fremu, kwenye tope la mvua, ni kujitafutia kuanguka. Fundi aligongomea pia ubao wa kushikia ukutani. Hakuna pesa niliyotumia mwaka ule iliyonifaa kuliko ile.

Kipimo hicho kitumie pia kwa kitanda na kiti cha kupumzikia. Kochi laini linalokumeza liepuke. Ondoa mikeka na mazulia njiani, na malapa yaweke pembeni. Vaa kiatu kinachoshika kisigino. Maji ayachote mwingine. Dumu la lita 20 si lako kwa miezi kadhaa.

Safari ya kurudi nyumbani?

Aliyefanyiwa upasuaji hospitali ya Mulago au ya CoRSU kule Kisubi na anaishi Kampala, ni saa moja au mbili za foleni. Wa Arua ana siku nzima barabarani. Kodi gari kama familia inaweza kuchanga. Teksi ya abiria 14 inabana magoti. Kaa kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma na kulazwa kidogo, ingia kwa kukalia kwanza kisha ugeuze miguu yote miwili pamoja. Kavera kitini husaidia kuteleza. Simama kila saa moja, tembea dakika tano, na ndani ya gari chezesha vifundo. Meza dawa ya maumivu kabla ya kuondoka.

Mguu umevimba na umekuwa mweusi hadi kifundoni. Ni kawaida?

Mara nyingi ndiyo. Damu iliyovuja wakati wa upasuaji hushuka chini na ngozi hugeuka zambarau au nyeusi zaidi, halafu hufifia. Uvimbe hupanda jioni na kupungua asubuhi, na unaweza kukaa miezi mitatu hadi sita. Goti hubaki na joto kwa miezi. Upande wa nje wa kovu ngozi huwa na ganzi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Sehemu hiyo hupungua ukubwa, lakini si lazima iishe. Na goti kulia "ta, ta" unapotembea ni chuma kinachokutana na plastiki. Kama hakuna maumivu, liache lilie.

Nina homa. Si malaria tu?

Hapa naomba usome taratibu. Homa ndogo siku mbili tatu za kwanza baada ya upasuaji hutokea kwa wengi. Homa inayokuja ukiwa umesharudi nyumbani ni jambo jingine. Kwetu kila homa huitwa malaria, na dawa ya malaria inauzwa kila kona. Mama mmoja aliyenipigia simu alikuwa amemeza dozi mbili bila kupimwa, huku kidonda kikivuja maji na yeye akibadilisha kitambaa tu. Kliniki ya karibu ilimwongezea antibayotiki za siku tano, wala haikumfungua bandeji. Alipofika kwa daktari wa mifupa ilibidi afunguliwe upya na kuoshwa.

Pima malaria, ndiyo, maana inaweza kuwa kweli malaria. Lakini siku hiyohiyo kidonda kitazamwe. Wekundu unaosambaa, maji au usaha baada ya wiki ya kwanza, harufu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua: mpigie aliyekupasua kabla ya kumeza antibayotiki yoyote. Vijidudu vikishika kwenye chuma hujijengea utando ambao dawa hazipenyi vizuri, na antibayotiki za kubahatisha huficha ugonjwa na kuharibu vipimo. Nyuzi au pini hutolewa kati ya siku 10 na 14. Mpaka hapo, kidonda kisilowe.

Dalili zipi nisingojee hata asubuhi?

Shavu la mguu kuuma na kukaza, na uvimbe usiopungua hata ukiinua mguu. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu. Ukiona hayo, tafuta gari usiku huohuo. Sindano za tumboni au vidonge vya kuzuia damu kuganda zimalize kama ulivyoandikiwa, hata ukijisikia mzima. Anayetumia warfarini, moja ya vidonge hivyo, asibadilishebadilishe kiasi cha mboga za majani kama dodo na nakati. Ale kiasi kilekile, na apimwe damu kwa tarehe aliyopewa.

Majirani wanaleta mitishamba na mafuta ya kukanda.

Wapokee kwa shukrani, uviweke kabatini. Kwenye kidonda kibichi hakuna jani, majivu wala mafuta yanayoingia. Kukanda kwa maji ya moto na kuvutwa na mganga wa mifupa, hapana, hata kidonda kikifunga.

Nile nini?

Maharage, mayai, mukene (dagaa), maziwa, karanga. Kidonda kinataka protini, na matoke peke yake hayatoshi. Mwenye kisukari ashike sukari yake kwa nguvu zote, maana sukari ikipanda kidonda hakifungi.

Mbona nalia bila sababu?

Kwa sababu hujalala, dawa ni kali, na umekuwa mtu wa kusaidiwa hata kuvaa nguo ya ndani. Mimi wiki ya tatu niliwaambia wanangu najuta. Hali hii huwapata wengi, nayo hupita kwa wengi. Kilichonisaidia ni kalenda ukutani: kila jioni binti yangu aliandika idadi ya hatua nilizotembea kutoka mlangoni kuelekea mwembe. Siku ya kumi zilikuwa 12. Siku ya thelathini niliushika mwembe. Huzuni ikizidi wiki kadhaa, ukakosa hamu ya kula na ya watu, mwambie daktari.

Boda boda, kazi, tendo la ndoa?

Boda boda iache angalau miezi mitatu, na mwenye nyonga aikwepe hata baada ya hapo. Kuparamia kiti kunaitanua nyonga vibaya, na ukianguka mfupa unaweza kuvunjika pembeni ya chuma, upasuaji ambao ni mgumu kuliko wa kwanza. Kazi ya kukaa, wiki 6 hadi 8. Ya shamba au soko, miezi mitatu na zaidi. Tendo la ndoa, wengi huruhusiwa baada ya wiki kama 6, mgonjwa akiwa chali. Muulizeni daktari wawili pamoja.

Nitaweza kusujudu? Na kupiga magoti kusalimia wakubwa?

Sala ya kwenye kiti ni sala, na dini imetoa ruhusa hiyo kwa mgonjwa. Kwa goti lililopona, kupiga magoti si hatari kwa chuma chenyewe. Wengi hushindwa kwa sababu kovu linauma au wanaogopa. Baada ya miezi mitatu hivi, kwa ruhusa ya daktari, jaribu juu ya godoro. Mwenye nyonga asubiri zaidi.

Niliolewa katika kabila la Waganda (Baganda), na mwanamke wa huku husalimia akiwa amepiga magoti. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilikwenda kwa mama mkwe, ambaye amevuka miaka 80. Nilisimama mlangoni, nikashika fremu ya mlango, nikainama kiunoni kadiri nilivyoweza, aibu imenijaa. Alinitazama mguu, akakivuta kigoda kirefu kwa mkono wake, akakigonga mara mbili. Kaa. Akanishika mkono wakati wote wa salamu.

Na Hija?

Ndege za saa nyingi ziepuke wiki za mwanzo. Wengi huambiwa wasubiri hadi miezi mitatu kwa ajili ya damu kuganda. Tawafu na matembezi ya Safa na Marwa yanawezekana ukishajenga misuli, na viti vya magurudumu vipo. Pale uwanja wa ndege wa Entebbe mashine huenda ikalia. Mwambie askari kabla hujapita, na mwonyeshe kovu.